Mtafiti, Geuka Leo!

Wewe mtafiti uliyeinamia andiko lako la kuombea fedha, simama! Ni mgonjwa gani umemuuliza? Ni nani anayemuuguza ndugu yake umemsikiliza? Ni wapi, katika kurasa zote hizo, panaposikika sauti yao?

Usiniambie hujui kwamba yafaa kuwashirikisha tangu mwanzo. Wajua! Mambo haya umeyasoma, umeyafundisha, umeyapigia makofi mkutanoni. Kisha ukasema: tutawaita baadaye, fedha zikitoka.

Baadaye ipi? Ugonjwa wa niuroni za mwendo (MND) hauna baadaye! Unaua neva zinazoiamrisha misuli: leo vidole vinashindwa kufunga kifungo, kesho ulimi unashindwa neno, keshokutwa kifua kinashindwa pumzi. Wengi hufariki miaka 2 au 3 tu tangu dalili za kwanza. Huyo uliyemwahirisha mwaka huu, mwakani utamkuta wapi?

Wala usimwite aje kutia saini kile ulichokwisha kukiamua. Huko si kumshirikisha, ni kumtumia! Mwite swali likiwa bado bichi, angali aweza kulikataa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe wapima nguvu za mkono. Yeye anauliza kama atameza uji. Wewe wampangia kuja hospitali kila mwezi. Kwake kila safari ni kiti cha magurudumu, mashine ya kupumulia na watu wa kumbeba.

Na anayemuuguza je? Takriban nusu ya wagonjwa hawa hubadilika fikra au tabia, na mwenyewe huenda asijione. Anayeona ni yule anayemgeuza usiku, anayemfuta mate, anayelala jicho moja wazi akiisikiliza mashine. Huyo ndiye shahidi wako, nawe umemwacha nje kwenye benchi ashike mkoba!

Watazame waliogeuka. Jaribio la MND-SMART, lililoanzia Edinburgh mwaka 2020, lilipangwa pamoja na wenye ugonjwa. Dawa zaidi ya moja zilipimwa kwa wakati mmoja, waliougua muda mrefu hawakufungiwa mlango, na dawa zilizoshindwa zilitolewa bila jaribio lenyewe kufa.

Watazame pia waliochoka kungoja. Mwaka 2008 watafiti wa Italia walitangaza kwamba dawa iitwayo lithiamu inaupunguza mwendo ugonjwa huu. Wagonjwa hawakukusubiri! Kwenye PatientsLikeMe, mtandao ulioanzishwa na ndugu wa mgonjwa, waliimeza, wakajipima, wakaandika. Mwaka 2011 matokeo ya watu 149 yalichapishwa: haikuwasaidia. Jibu chungu, lakini jibu!

Nawaheshimu, na moyo wangu unanienda mbio kwa ajili yao, maana lithiamu ikizidi mwilini ni sumu. Ujasiri wa namna hiyo unautupa kila unapowafungia mlango. Usiponiamini, endelea kungoja uone watakapokwenda kutafuta!

Basi geuka! Lifungue andiko upya, leo, kabla halijatumwa. Mfuate mgonjwa nyumbani kwake. Msubiri anapoandika kwa macho, herufi baada ya herufi, wala usimmalizie sentensi. Mlipe anayemuuguza kwa saa zake, kama unavyomlipa mtakwimu wako.

Kisha waulize lile swali unalolikwepa: utafiti huu una faida gani kwenu? Wakisema hauna, uchane, uanze nao upya!