Piga Simu Kijijini Kwanza

Mwanangu, kaa. Umeniambia umeajiriwa hapa Saskatchewan kuwasimamia wanaotoka gerezani, na kwamba wengi wao ni wenyeji wa asili wa nchi hii. Nimefurahi. Lakini nimechoka kuona vijana wetu wakiikimbilia kazi hii na kuikimbia, huku jina la mtu yule yule likirudi mezani mwaka unaofuata. Nisikilize.

Wenyeji hao ni kama asilimia 5 tu ya watu wa Kanada. Katika magereza ya serikali kuu wanakaribia theluthi. Usidhani hesabu hiyo inakueleza tabia yao. Kwa zaidi ya miaka 100 watoto wao walichukuliwa wakapelekwa shule za bweni, wakaadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, juzi tu. Huenda kijana atakayeketi mbele yako amelelewa na bibi aliyepitia huko. Mwaka 1999, katika kesi ya Gladue, Mahakama ya Juu iliwaambia majaji wayapime hayo wanapotoa adhabu. Nawe yapime.

Sheria ya magereza ya 1992 ina kifungu cha 84. Mfungwa akitaka kurudi kuishi kwa watu wake, naye akaridhia, jamii yake lazima iarifiwe mapema na ipewe nafasi ya kupendekeza atapokewaje: atalala wapi, atafanya nini, wazee gani watakuwa naye. Hapo ndipo tunapoharibu. Barua inatumwa siku zimebaki chache, kijiji kinanyamaza, ofisi inaandika kwamba jamii haikutoa ushirikiano. Jamani! Kijiji chenyewe nyumba hazitoshi, watu wa vizazi vitatu wanabanana chini ya paa moja. Na mama wa yule aliyeumizwa na mfungwa hununua mkate duka lile lile atakaloingia mfungwa huyo. Ndiye unayemtaka aamue kwa barua?

Nenda mwenyewe. Ulizia desturi yao kabla. Kwa Wakrii, mojawapo ya mataifa ya wenyeji hao, mzee hupelekewa tumbaku anapoombwa shauri. Kisha keti. Fomu ziache kwenye gari siku hiyo. Waulize wazee jamaa za aliyeumizwa wanasemaje, na wakisema bado, usiwanung'unikie, maana kidonda ni chao. Huko Hollow Water, Manitoba, tangu miaka ya 1980 wanakijiji wamekuwa wakiketi duara moja na waliotenda na waliotendewa. Shauri la mtu mmoja huwachukua miaka.

Sasa huyu uliyenitajia, anayetoka Machi. Kwao ni kaskazini, gari hufika kwa njia ya barafu tu, na Machi ikiisha barafu inalegea. Leo ni Novemba. Kesho asubuhi, kabla hujafungua faili lake, piga simu kijijini. Uliza njia hufunguliwa lini, na kama bibi yake bado yu hai.