Watumiaji wa Kubuni

Mwaka 2005, Steve Huffman na Alexis Ohanian walipoanzisha Reddit huko Marekani, mtandao wao ulikuwa mtupu. Wakaujaza wenyewe: waliweka viungo vya kurasa kwa majina ya kubuni ili mgeni adhani kuna watu. Huffman amelieleza jambo hilo hadharani.

Mwenzangu alinitajia mfano huo tulipomaliza programu yetu ya kuwatafutia wanafunzi vyumba vya kupanga hapa Kampala. “Tuweke majina 50 tu,” alisema. “Nani huingia mkahawa usio na mtu?”

Hapo ana haki. Lakini aliyedanganywa na Reddit alipoteza dakika chache, na kurasa alizosoma zilikuwa za kweli. Kwetu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesoma sifa zilizoandikwa na watu 50 wasiokuwepo, kisha amtumie kodi ya muhula mzima mwenye nyumba asiyemjua. Je, huo ni uongo ule ule? Naona hapana, maana huyu angeweka ada ya mzazi wake juu ya neno letu.

Tulianza na vyumba 6, vyote tulivitembelea wenyewe. Mwenzangu husema nilimchelewesha, na huenda ni kweli.