Mwenye Kuitwa Kazini Naye Aulize

 

Ni ada ya vijana wetu, anapoitwa mmoja wao kwenda kuhojiwa kwa ajili ya kazi, kuja kwetu kutaka dua. Kutaka dua si vibaya. Lakini aghlabu tukimwuliza, "Kazi yenyewe ni ya nini?" hunyamaza. (Wako hata wanaotia hirizi mfukoni, hilo tumelisema mara nyingi, leo hatulirejei.) Kijana hudhani siku ile ni ya kuulizwa yeye tu, wala hana ruhusa ya kuuliza. Hudhani hivyo kwa sababu ya haja, na haja twaijua; hatumcheki mtu ambaye mamake ni mgonjwa na nduguze wangoja karo.

Katika Sura ya Al-Qasas twasimuliwa habari za mtu aliyekuwa na haja kutushinda sote. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan mkimbizi, hana mali wala jamaa, akaketi kivulini akimwomba Mola wake kheri. Akaitwa na mzee, baba wa mabinti wawili aliowanyweshea mifugo yao. Wengi husema mzee huyo ni Nabii Shuaib; Qur'ani haikumtaja jina, nasi hatulikazii.

Tazameni yalivyokwenda mapatano yao. Binti mmoja alimsifu kwa nguvu na uaminifu, na mambo hayo alikwisha yaona kwa macho yake. Mzee akataja anachotoa, yaani kumwoza binti yake. Akataja muda, nao ni miaka minane. Akabainisha kwamba ikitimia kumi itakuwa ni hisani ya Musa, si wajibu wake. Akasema kuwa hataki kumtia mashakani. Musa naye hakuitikia tu kwa kuwa ana njaa. Alisema kwamba muda wowote atakaoutimiza katika hiyo miwili, asidhulumiwe kwa kutakiwa zaidi, akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi wa maneno yao. Mtu asiyekuwa na pa kulala alijua kuiwekea kazi yake mpaka!

Na wanavyuoni wa fikihi wameshurutisha katika ijara kwamba kazi iwe yajulikana na ujira uwe wajulikana. Sisi wenyewe katika ujana wetu tuliona haya kuuliza. Tulipokea kazi ya kusomesha chuoni, tukasomesha miezi saba, na kila tukitaja mshahara twaambiwa thawabu ziko kwa Mungu. Ziko, hapana shaka. Lakini mwenye duka hakuzipokea.

Basi alitujia kijana wa darsa yetu, ameitwa na kampuni inayokopesha watu kwa njia ya simu. Barua yasema atakuwa mhudumu wa wateja. Tukamwambia, kabla ya kuzungumza habari za mshahara, aulize: mtu akaliaye kiti hiki hufanya nini tangu asubuhi hata jioni? Akauliza. Wakamjibu kwa uwazi kuwa atawapigia simu waliochelewa, awadai deni pamoja na nyongeza yake, na wasipopokea awapigie jamaa zao. Hili la mwisho hata serikali imelikataa: kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zimewazuia wakopeshaji hawa kuchukua majina yaliyomo katika simu ya mdaiwa ili kuwapelekea watu wake habari za deni.

Kijana akatwambia, "Sheikh, mimi sili riba, nitaikumbusha tu." Tukamjibu kwamba katika Hadithi ya Jabir, aliyoipokea Muslim, Mtume (S.A.W.) amemlaani mlaji wa riba na mwenye kuilisha, na mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akawafanya wote kuwa sawa. Na mwandishi naye hali, huandika tu.

Yako na mengine ya kuulizwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, pamoja na mshahara wake. Lakini saa ya Jumaa haikutajwa humo. Iulize kwa adabu siku ile ile, wala usingoje Ijumaa ya kwanza ukaanza kutoroka. Na jipime nafsi yako pia. Abu Dharr, pamoja na ubora wake, alipoomba uongozi aliambiwa na Mtume kwamba yeye ni dhaifu na kazi ile ni amana.

Baada ya kuyajua hayo ndipo iswaliwe Istikhara, rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, na dua yake. Wako wanaolala wakingoja ndoto ya kijani au nyeupe. Katika Hadithi ya Istikhara hamna ndoto. Hiyo ni dua ya mtu aliyekwisha kulikusudia jambo, si ya kumpumzisha mtu na taabu ya kuuliza.

Kijana yule aliikataa kazi ile. Alikaa miezi mitano bila ya kitu, na mamake alitulaumu waziwazi, nasi hatukuwa na jibu ila kumchangia. Sasa ni karani katika ghala la nafaka, kwa mshahara mdogo kuliko ule. Alipohojiwa huko aliuliza habari za Jumaa, akaambiwa atoke saa sita na nusu, arudi saa nane.