Mapumziko Baada ya Kuacha Ajira

Katika sharika zetu za Mtwara linaulizwa swali ambalo wazazi wetu hawakulijua. Mtu ameacha kazi ya kampuni, kwa hiari yake au kwa kupunguzwa. Amelipwa mafao yake. Kabla ya kuanza shughuli nyingine, anachanga fedha pamoja na wenzake, wanakodi gari, wanapakia mahema, masufuria na madumu ya maji, na kwenda kulala siku nne au tano mchangani Msimbati, karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Akirudi anakuta maneno yamejaa barazani: mtu mzima mwenye nguvu zake, badala ya kutafuta kazi, anakwenda kulala porini, tena kwa kulipia! Wapo pia wanaomtetea kwa kusema kwamba fedha ni zake, azitumie apendavyo. Tunapenda kulipima jambo hili kwa Neno la Mungu, maana majibu yote mawili hayatutoshelezi.

Tuanze na hali ya mji wetu. Mtwara imezoea kazi zinazokuja na kuondoka. Bandari yetu ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Reli iliyokwenda Nachingwea nayo ikang'olewa baadaye. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na mwaka 2015 bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa. Katikati ya miaka hiyo kampuni za utafutaji zilifika kwa wingi, nyumba za wageni zikajengwa, vijana wetu wakavaa kofia ngumu na viatu vya usalama. Bei ya mafuta duniani ilipoanguka mwaka 2014, shughuli nyingi za utafutaji zikapungua, na mikataba haikuhuishwa. Kwa hiyo anayeacha ajira hapa kwetu si mtu wa pekee. Ni ndugu yetu tunayekaa naye benchi moja kila Jumapili.

Ndugu huyu hupoteza zaidi ya mshahara. Kwetu, watu wakikutana, baada ya salamu huja swali, "Siku hizi uko wapi?" Maana yake, unafanya kazi wapi. Asiye na jibu huanza kukwepa harusi na vikao. Baraza linapomwita mvivu, linagusa kidonda ambacho tayari kinauma.

Neno hilo "mvivu" lina historia katika Maandiko. Katika Kutoka sura ya 5, Musa na Haruni wanamwomba Farao awaruhusu watu waende jangwani wakamfanyie Mungu sikukuu. Farao hakuuliza juu ya Mungu huyo kwa nia ya kumjua. Aliwaita watu wavivu, akaamuru wajitafutie nyasi wenyewe na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Tuliangalie hilo vizuri. Katika kitabu cha Kutoka, anayeona pumziko kuwa uvivu ni Farao, na anayewaita watu watoke waende nyikani ni Mungu. Baadaye, katika sura ya 16, watu wale wale walipopewa mana, baadhi yao walitoka siku ya saba kwenda kuokota, wasipate kitu. Walikuwa wametoka Misri kwa miguu, lakini hesabu ya matofali ilikuwa bado inawatembeza.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kupumzika ni dhambi. Sisi Walutheri tuna sababu nyingine ya kutosema hivyo. Luther alifundisha kwamba wito wa Mkristo ni mpana kuliko kazi inayomlipa. Katika maandishi yake juu ya ndoa ya mwaka 1522 alieleza kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani anampendeza Mungu, hata kama watu wanamcheka. Mtu aliyeachishwa kazi bado ni mzazi, jirani, raia na msharika. Kitambulisho cha kampuni kimerudishwa getini, lakini ubatizo wake haukuandikwa pale.

Je, basi wanaosema fedha ni zake, azitumie apendavyo, wana haki? Hapana, na hapa Torati inatusaidia kwa namna ya ajabu. Mungu aliwaamuru watu wenye nyumba walale nje. Katika Walawi sura ya 23, kila mwaka baada ya mavuno, Waisraeli walitakiwa kukaa katika vibanda siku saba, ili vizazi vyao vijue kwamba baba zao walikaa katika vibanda alipowatoa Misri. Kumbukumbu la Torati sura ya 16 inaeleza ni nani afurahi katika sikukuu hiyo: mwenye nyumba na wanawe, pamoja na mtumwa wake, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kwa kibanda kile mwenye mali alikumbuka kwamba naye aliwahi kutokuwa na kitu, kisha akala pamoja na wasio na kitu. Kibanda kisichofanya mambo hayo mawili kilikuwa kivuli tu cha kujikinga na jua.

Kipimo hicho kinafaa sana pwani yetu, kwa sababu hapa watu wengi hulala nje bila kulipia. Wavuvi hukaa dago, wakijenga vibanda vya makuti mahali samaki walipo na kuhama msimu ukigeuka. Wakulima wa bonde la Ruvuma hulala juu ya dungu, wakilinda mpunga usiliwe na viboko na nguruwe pori. Na ng'ambo ya mto, huko Cabo Delgado, vita iliyoanza mwaka 2017 imewatoa watu wengi sana majumbani mwao. Mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu kwa maelfu walikimbia kwa miguu na kwa mashua, na wengi wao wakaishia kulala chini ya turubai. Hivyo mtu anayesimamisha hema lake Msimbati anaitazama bahari ile ile waliyoikimbilia wenzake.

Tumewahi kufuatana na kundi la washarika kwenda huko, na tunaweza kusema kambi hufundisha nini. Kwanza, vigingi havishiki mchangani. Pepo za kusi ziling'oa kamba za hema la kwanza usiku ule ule, na aliyetuonyesha namna ya kujaza mchanga kwenye mifuko na kuifunga badala ya vigingi alikuwa kijana wa kijijini anayesaidia wavuvi. Pili, kambini ni zamu. Ndugu mmoja aliyezoea kuwa na watu chini yake alipangiwa siku ya kwanza kumenya vitunguu na kusugua masufuria kwa mchanga. Mwanzoni alifanya kimya kimya. Siku ya tatu alianza kutusimulia, mbele ya karai la vyombo, jinsi siku ya mwisho kazini ilivyokwenda. Jambo ambalo hata mkewe alikuwa hajalisikia lote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lile halikuwa adhabu. Lilikuwa njia ya kumwambia kwamba sasa yeye ni wa nyumbani.

Hilo ndilo linalotufanya tuipende kambi ya kundi kuliko matembezi ya mtu mmoja. Pumziko la Biblia lina watu ndani yake. Hata pale Bwana Yesu alipowaita wanafunzi wake waende faraghani wakapumzike kidogo, Marko sura ya 6, umati uliwatangulia, naye akauhurumia. Hakuwakemea wanafunzi kwa kuhitaji pumziko, wala hakuufukuza umati.

Tunapendekeza basi mambo machache kwa msharika anayefikiria safari ya namna hii. Alipe kwanza madeni na ada za watoto. Pumziko linalolipiwa na jasho la mke au la mzazi si pumziko. Asile mafao yake yote kwa siku tano. Kundi lichangie nafasi ya mtu mmoja au wawili wasioweza kulipa, na wapangiwe zamu sawa na wengine, ili asiwepo mfadhili na mfadhiliwa kambini. Samaki, nazi na mayai vinunuliwe kijijini kwa bei ya haki, na wanaolinda kambi usiku walipwe bila kukumbushwa. Eneo lile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000. Hivyo matumbawe, makombe na mayai ya kasa yaachwe yalivyo, na taka zirudi mjini na gari. Kila jioni iwepo sala, na ndani yake watajwe waliohamishwa na vita ng'ambo ya mto. Sadaka ya kambi hiyo ipelekwe kwa watu wa namna hiyo.

Kwa wale waliopunguzwa bila kupenda, tunaongeza neno moja. Tusikimbilie kuwaambia kwamba Mungu ana mpango wake. Eliya alipolala chini ya mretemu akitamani kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Baada ya mwendo wa siku arobaini ndipo Mungu alipomuuliza anafanya nini pale, akamsikiliza mara mbili, kisha akampa kazi: wafalme wawili wa kutiwa mafuta, na Elisha wa kumrithi.

Utaratibu huo tunaweza kuufuata sharikani. Ndugu akiacha au akiachishwa kazi, apate chakula na usingizi kwanza, na watu wa kumenya naye vitunguu. Swali la kazi litakuja kwa wakati wake. Litakapokuja, wazee wa usharika wawe tayari kukaa naye na kuona pamoja ni mlango upi ulio wazi, kwa sababu ndugu huyo atakuwa na nguvu za kuuingia.