Nguruwe Walioshushwa Usiku

Pikapu inaacha lami na kuingia njia ya msituni, taa zimezimwa. Nyuma inavuta tela lenye vizimba, na humo vizimbani mnasikika mikoromo. Mlango unafunguliwa. Nguruwe wanaruka chini, wanasimama kidogo wakinusa, kisha wanatokomea gizani. Dereva anageuza gari, anarudi kwake kulala. Hana nia ya kumdhuru mtu. Anataka tu mawindo yawe karibu, yeye na wenzake wasisafiri tena nusu siku kwenda milimani.

Hivyo ndivyo nguruwe mwitu walivyosambazwa jimboni Tennessee, Marekani. Nakisimulia kisa hiki kwa uchungu, maana waliokisababisha ni watu wanaoupenda msitu.

Asili ya nguruwe si Marekani. Hernando de Soto na Wahispania wake walishuka nao Florida mwaka 1539 kama akiba ya chakula inayojitembeza yenyewe, na baadhi wakatoroka. Kisha mwaka 1912 tajiri aitwaye George Gordon Moore akaleta nguruwe mwitu wa Ulaya kwenye mlima wa Hooper Bald, North Carolina, ili wageni wake wapate cha kuwinda. Akawazungushia ua wa mbao. Mnyama ambaye pua yake ni jembe, ua wa mbao utamzuia mpaka lini? Kufikia miaka ya 1920 walikuwa wameshatoka, wakavuka mpaka, wakaingia milima ya mashariki ya Tennessee na kuzaliana na nguruwe wa kufugwa waliokuwa wakizurura huko.

Kwa miongo mingi walibaki sehemu hizo hizo. Walipoanza kujitokeza kwingine, idara ya wanyamapori ya jimbo ikaamua, mwaka 1999, kuruhusu nguruwe wawindwe jimbo zima bila kikomo cha idadi. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: bunduki zikizidi, nguruwe watapungua. Kufikia mwaka 2011 walikuwa wameonekana katika kaunti karibu 80 kati ya 95 za jimbo lile.

Ruhusa ilimfikia kila mwindaji, ila nguruwe hawakuwa wamemfikia kila mwindaji. Wenye hamu wakawafuata walikokuwa, wakawakamata wazima, wakawapakia. Na nguruwe wenyewe ndio waliotoa ushahidi. Jike hapendi kwenda mbali na bonde alilolizoea. Ukiona kundi limechomoza kaunti fulani, na kaunti za katikati hazina hata unyayo mmoja, basi ujue limefika kwa magurudumu.

Nguruwe akishafika, hesabu inamgeukia binadamu. Jike anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka. Huzaa watoto wanne hadi sita, na mwaka ukiwa wa neema hurudia tena. Wataalamu hukadiria kwamba ni lazima kuondoa karibu asilimia 70 ya nguruwe kila mwaka ili idadi isipande tu, achilia mbali kushuka. Mwindaji wa Jumamosi hafiki huko. Anapiga dume lenye meno marefu apige nalo picha, majike wanabaki. Risasi ikishalia, waliosalia wanatawanyika, wanajifunza kutembea usiku, na safari nyingine mtego hawausogelei.

Anayelipa ni mkulima. Mahindi yakiwa ndiyo kwanza yamefukiwa, nguruwe huushika mstari uliopandwa na kuufuata kwa pua, punje baada ya punje, hadi mwisho wa shamba. Asubuhi mwenye shamba anakuta mfereji wa udongo uliofumuliwa pale alipotegemea miche. Aliyewahi kulala kwenye dungu akiamia shamba lake la mihogo anaijua asubuhi hiyo. Lakini nguruwe pori wa kwetu ni mwenyeji, na simba na chui wanamjua. Kule Tennessee nguruwe mzima hana wa kumwogopa isipokuwa mtu.

Na mwindaji naye hakusalimika. Vuli ikifika, mbegu za mialoni zilizokuwa zikiwanenepesha kulungu na bata mzinga wa porini zinaokotwa na nguruwe. Mayai ya bata mzinga, ambaye hutaga chini, yanaliwa kiotani. Hata mikono inayomchuna nguruwe huyo bila glavu inaweza kuambukizwa ugonjwa wa brusela. Mtu alipanda mawindo mapya akapoteza yale aliyorithi kwa babu yake.

Mwaka 2011 idara ikageuza uamuzi: nguruwe akaondolewa kwenye orodha ya wanyama wa kuwinda kwa starehe, na wenye mashamba wakapewa nafasi ya kumwondoa kwenye ardhi yao. Njia inayofaa haina shangwe. Unajenga boma la nyavu za chuma, unaweka kamera, unamwaga mahindi, na mlango unauacha wazi usiku baada ya usiku mpaka kundi zima lizoee kuingia.

Kwenye picha ya kamera wanaonekana wameinamia mahindi, wakubwa kwa wadogo. Nje ya mlango amesimama jike mmoja mzee, masikio mbele, anasita. Mtegaji anaweza kuangusha mlango sasa hivi na kuwapata wote waliomo. Hauangushi. Kesho yake anabeba gunia jingine la mahindi, analimwaga, anarudi kumsubiri yule mmoja.