Chupa ya Wino na Jina la Mwuzaji

Swali tunalolileta leo laweza kuonekana dogo mno kwa ukurasa huu. Mtu aliyezoea kuandika kwa kalamu ya kujazwa wino anunua chupa mpya, yenye jina lile lile na sanduku lile lile. Aandika mstari mmoja, naye aona rangi si ile aliyoizoea: ya zamani ilikuwa buluu iliyokolea, na hii yaelekea kijani. Hapo aghalabu hasemi, "Wino huu una nini?" Husema, "Yule mwuzaji ni mwizi." Kati ya maneno hayo mawili pana safari ndefu, naye ameiruka kwa hatua moja.

Wala tusidhani ya kuwa wino ni jambo la mchezo. Katika parokia nyingi za nchi yetu vitabu vya ubatizo na vya ndoa huandikwa kwa mkono hata leo. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 535, yaagiza kila parokia iwe na vitabu hivyo, na paroko aone kwamba vimeandikwa sawasawa na kutunzwa. Mtoto aliyebatizwa Jumapili iliyopita atakuja kuomba cheti chake baada ya miaka 20 au 30, siku atakapotaka kufunga ndoa. Iwapo wino ulikuwa maji yaliyotiwa rangi ya vitambaa, na jua na unyevu vikaufuta, binti huyo atahangaika kutafuta mashahidi wa ubatizo wake, na wengine watakuwa wamekwisha kufa. Kwa hiyo anayeuza wino wa kughushi aweza kumdhuru mtu asiyemjua kabisa.

Lakini ili tujue bandia ni ipi, yatupasa kwanza kujua ya kweli hufanywaje. Wino uliotumika Ulaya kwa karne nyingi, na ambao bado watengenezwa kwa ajili ya vitabu vya kudumu, hupatikana kwa kuchanganya vitu vitatu katika maji: dawa ya vinundu vinavyoota juu ya mialoni baada ya nyigu wadogo kutaga mayai yao humo, chumvi ya chuma, na gundi ya mgunga, ambayo sehemu yake kubwa yatoka kwa jirani zetu wa Sudan. Wino huo una tabia ya ajabu. Ukiandikwa huwa hafifu. Kisha hewa huugusa, nao hukolea saa kwa saa mpaka uwe mweusi na kushikamana na karatasi. Kwa sababu hiyo watengenezaji huutia rangi ya buluu kidogo, ili mwandishi aone anachokiandika. Henry Stephens alianza mjini London mwaka 1832 biashara ya wino wa namna hiyo, wa buluu-nyeusi, na jina lake likaenea mbali.

Basi mtu asiyejua aandika Jumatatu, na Alhamisi aona maandishi yamegeuka. Adhani amedanganywa, kumbe wino umefanya kazi yake. Iko pia aina ya pili, wino wa rangi tupu usio na chuma, kama ule wa buluu wa wanafunzi, ambao hutoka kwa maji. Haukufanywa kwa hila; ulifanywa hivyo kusudi, ili mama aweze kufua shati la mtoto. Mwenye kuutia katika kitabu cha ubatizo amekosa kuchagua, wala hakuibiwa.

Tena hata wino wa kiwanda kimoja, wa jina moja, haufanani siku zote. Kiwanda hupika wino kwa mikupuo, na rangi iliyonunuliwa kwa mkupuo wa leo yaweza kuwa safi zaidi au hafifu kuliko ile ya mwaka jana. Chupa iliyokaa dukani miaka mingi hupoteza maji kidogo kidogo kupitia kifuniko, na wino hukolea. Iliyowekwa dirishani huchujuka kwa jua. Karatasi nayo ina maneno yake. Na kalamu iliyooshwa ikabakiwa na maji ndani hutoa rangi ya uongo kwa kurasa mbili tatu. Wakati mwingine kiwanda chenyewe huhama: wino wa Quink, uliotolewa na kampuni ya Parker ya Marekani mwaka 1931, umeuzwa kwa miaka mingi ukiwa na maandishi ya kwamba umetengenezwa Uingereza. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa kiwanda cha Parker cha Newhaven kingefungwa na kazi yake kuhamishiwa Ufaransa. Mtu mwenye chupa mbili, moja ya Uingereza na moja ya Ufaransa, angeweza kuapa kwamba mojawapo ni ya kughushi, na angekuwa amewasingizia watu wa nchi mbili kwa mpigo.

Je, hakuna njia ya kupima? Ipo, wala haihitaji maabara. Linganisha wino wa chupa mbili kwa kalamu ile ile iliyooshwa na kukaushwa, juu ya karatasi ile ile, siku ile ile. Mashaka mengi huishia hapo. Kisha dondosha tone la kila mmoja juu ya karatasi ya kukaushia wino, utie maji kidogo kando yake. Maji yatazivuta rangi, nazo zitaachana: buluu huku, zambarau kule, pengine manjano ukingoni. Ikiwa wino wa chupa zote mbili una rangi zile zile kwa utaratibu ule ule, ila moja imezidi kidogo, huenda ni tofauti ya mkupuo tu. Ikiwa rangi ni nyingine kabisa, hapo una sababu ya kuuliza. Na wino unaosemekana ni wa kudumu, uandike, uache siku kadhaa, kisha ulowe majini. Ukitoka wote, basi ulichoandikiwa kwenye chupa si kweli. Angalia pia kifuniko, herufi za lebo, na bei: kitu kinachouzwa kwa robo ya bei yake mahali pengine chajieleza chenyewe.

Hapa twakumbuka jambo la kupendeza. Plinio Mzee, Mrumi aliyefariki mwaka 79, aliandika namna ya kugundua rangi ya shaba iliyoghushiwa kwa kutiwa chumvi ya chuma: papiro hulowekwa katika maji ya vinundu vya mwaloni, na ikiguswa na rangi ya kughushi hugeuka nyeusi. Huo ndio ule ule mchanganyiko unaofanya wino.

Tukisha kupima, tumejua nini? Tumejua habari za wino. Habari za mtu bado. Mtakatifu Agustino, katika kitabu chake juu ya uongo, alichokiandika yapata mwaka 395, alifundisha kwamba mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni na lingine mdomoni, akitaka kudanganya. Wino haudanganyi mtu. Uongo wa chupa ya kughushi umo katika lebo, na kabla ya lebo umo katika moyo wa aliyeibandika akijua. Wino dhaifu unaouzwa kwa jina lake wenyewe ni bidhaa halali ya watu wenye fedha kidogo. Na wino mzuri uliojazwa katika chupa yenye jina la mwingine ni uongo, hata kama unaandika vizuri kuliko wa kweli.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliyapambanua mambo haya kwa makini. Akiandika juu ya udanganyifu katika kuuza na kununua, asema kitu chaweza kuwa na kasoro katika asili yake, kama divai iliyotiwa maji, au katika kipimo, au katika ubora. Mwenye kuuza akijua, atenda dhambi, na yampasa kulipa. Asiyejua hatendi dhambi. Lakini siku atakapojua, yampasa naye kulipa. Na mahali pengine, akisema juu ya hukumu, atoa neno ambalo laonekana kwetu ndilo ufunguo wa swali letu. Kuhukumu vitu, asema, ni mbali na kuhukumu watu. Kitu hakidhuriki kwa hukumu yetu. Basi na tukitazame kama kilivyo, bila huruma wala chuki. Mtu hudhurika, basi penye shaka na tumwelekezee lililo jema. Naye aongeza kuwa ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema.

Sisi twageuza mambo. Chupa hatuipimi hata kwa tone moja la maji, na mtu twampima mpaka mifupani.

Wako watakaotujibu, "Mkifundisha upole wa namna hiyo, waghushi watanenepa." Hoja hii ina nguvu, nasi hatuipuuzi. Lakini upole si kunyamaza. Rudisha chupa dukani, onyesha ulichokiona, uliza ilinunuliwa wapi. Mwuzaji mwaminifu atashtuka pamoja nawe, kwa maana naye ametoa fedha zake. Akikataa kusikia, au wiki ijayo akiuza zile zile kwa mtu mwingine, shaka imepungua sana, na nchi inayo sheria: Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 bado yatumika, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kushughulikia bidhaa bandia. Kutoa ushahidi mbele ya wenye mamlaka si kusengenya. Kusengenya ni kupiga picha ya chupa pamoja na kibao cha duka na kuituma katika kundi la simu la wanakwaya kabla ya sala ya jioni, kabla hata kalamu haijaoshwa.

Nao wenye maduka wasifurahi upesi. Anayeletewa katoni usiku, kwa bei isiyo na maana, akafunga mdomo asiulize, hawezi kujitetea kesho kwamba hakujua. Ujinga wa kujitakia haumwoshi mtu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki yafundisha kwamba aliyemvunjia mwenzake heshima yampasa kufidia, kama vile mwizi apaswavyo kurudisha mali. Fedha za chupa moja zaweza kurudishwa mezani pa duka, mtu na mtu, na jambo likaisha. Jina si hivyo. Yampasa aliyelichafua aende kila mahali alipolitupa: barazani, kisimani, katika kundi lile lile la simu, na aseme waziwazi kwamba alisema asichokijua. Wengine watakuwa hawapo. Wengine watacheka. Na yule mwuzaji pengine amekwisha kufunga mlango na kurudi kwao, kwa kuwa wateja walihama kwa neno moja la Jumapili.

Kuhusu kitabu cha ubatizo, ushauri wetu kwa makatekista ni huu: mkiona maandishi ya mwaka huu yameanza kufifia, msiyapitie juu kwa kalamu nyingine. Mpelekeeni paroko kitabu chenyewe mapema, wakati majina ya watoto na ya wasimamizi wao bado yasomeka.