Yesu Aliuliza Kwanza

Mama mmoja wa kanisa letu (amekubali niandike) alinijia na mtoto wa miaka saba. Usiku anaruka kitandani akipiga mayowe, macho wazi, na hamtambui hata mamake. Siku zingine anakakamaa na kutoa povu. Wiki tatu nilikemea pepo. Sikuuliza hata swali moja.

Wapendwa, hiyo ni imani ama ni uvivu? Katika Marko 9:21, kabla ya kumponya yule kijana aliyekuwa akitoa povu, Yesu alimuuliza babake hali hiyo ilianza lini. Mwenye kujua yote aliuliza! Mimi niliyesomea biashara ndio nilikuwa na haraka.

Hospitalini nako jibu halijapatikana. Kipimo cha umeme wa ubongo kilitoka safi. Daktari alieleza kwamba kinaweza kutoka safi na bado iwe ni kifafa, na hayo mayowe ya usiku pengine ni kitu kingine kabisa. Akaomba mtoto arekodiwe kwa simu ikitokea tena.

Sasa mama halali, simu mkononi. Jumanne mimi na mke wangu tulienda kukesha naye. Tuliomba, lakini kwa sauti ya chini, mtoto asiamke.